Mafuta ya Bondeni kwa Mbeyu

Huko Changamwe, nyuma ya yale matangi makubwa ya mafuta, lipo bonde lenye tope jeusi, tope la majani yaliyooza miaka na miaka. Humo ndimo Mbeyu hulima majimbi yake. Wakati wa kaskazi tope hukauka, likapasuka, likanyamaza. Masika yakishika, maji hutuama, na haipiti muda utaona juu yake utando wa rangirangi, unang'aa kama mgongo wa samaki. Jua likirudi, utando nao huenda zake. Mbeyu hakuwahi kuuliza unakokwenda. Alikuwa na magugu ya kung'oa.

Mwaka huu aliuona Dancun, mpangaji mgeni kutoka bara.

"Mathe! Hii ni mafuta! Bomba imepasuka!"

"Si mafuta, mwanangu. Huja na mvua."

"Mafuta gani inakuja na mvua?"

"Ndiyo nikakwambia si mafuta."

Lakini neno "mafuta", kwa watu wa Changamwe, halingoji kutangazwa. Kufikia adhuhuri bonde lilijaa watu na ndoo, mabeseni, mmoja kaja na birika. Na majimbi yalikuwa yamekaribia kukomaa, na Mbeyu hana shamba jingine.

"Jamani, mnanikanyagia!"

"Pole, mama," wakamjibu kwa adabu zote, wakakanyaga.

Jirani yake Lynnette alichota kwa beseni lake, akatia yale maji kwenye jiko la mafuta alilokuja nalo, akawasha. Likazima. Akawasha tena, likatoa harufu ya mtaro.

"Bado hayajasafishwa," Dancun akaeleza. Watu wakarudi kuchota zaidi.

Ndipo akapita mzee Mwidani, aliyestaafu kazi kwenye matangi. Akachovya kijiti. Utando ukavunjika vipande kama kioo, na vipande havikuungana tena.

"Mafuta ungeyakata yangerudiana," akasema. "Hivi ni vijidudu. Vidogo, jicho halivioni. Mvua ikituama vinaamka, vinakula kutu iliyomo udongoni, ndio huo utando. Tope likikauka vinalala."

"Vinakula?" Lynnette akauliza, akiitazama miguu yake.

Bonde likawa tupu kabla mzee hajamaliza. Beseni la Lynnette likabaki palepale.

Mbeyu akashukuru. Mvua zilipokata aling'oa majimbi yaliyosalia, akayapanga malundo mlangoni. Hakuna aliyenunua. "Si ndiyo yale ya vidudu?" wakasema, wakapita upande wa pili wa njia.

Basi akachemsha sufuria moja, akayaunga kwa nazi, akakaa mlangoni akila peke yake, bila kumtazama mtu. Lynnette akaja.

"Dada, nimefuata beseni langu."

"Karibu. Kaa ule kwanza."

Akala. Akaongezwa, akala.

"Na vile vidudu?"

"Vimelala."

Lynnette akafikiri, akajipakulia tena. Alirudi kwake na beseni limejaa majimbi mabichi, kanunua lundo zima.

Kesho yake akaja jirani mwingine, akidai beseni ambalo hakuwahi kuliacha.