Chupa ya Mwanamisi

Harufu ya plastiki iliyopigwa na jua hunichafua roho mpaka leo. Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa darasa la nne, hoteli moja ya Diani iliandaa mbio ndefu za wasichana kutoka Msambweni hadi Ukunda. Mshindi angepelekwa kambi ya mazoezi huko bara, akimbie na kusomeshwa. Dada yangu Mwanamisi aliitaka nafasi ile kufa na kupona. Kaskazi nzima aliamka alfajiri kukimbia, akirudi anafakamia muhogo wa kuchemsha na tende, nami nikimmwagia maji mgongoni pale kisimani huku akipiga kelele kwa baridi.

Siku yenyewe wakaja wataalamu na mizani yao, eti wanachunguza mkimbiaji hula na kunywa kiasi gani akiwa mbioni. Waliwapima mabinti wa watu uzito hadharani kama magunia ya mahindi. Mama aliangalia pembeni kwa haya. Kisha kila msichana akapewa ndizi iliyopimwa na chupa ya maji yenye mistari, akaambiwa anywe ya kwake. Sisi tulielewa kwamba ni marufuku kunyang'anya ya mwenzio. Tungeelewa nini kingine? Kwetu hunywi maji ukamwacha mwenye kiu anakukodolea macho.

Mimi na mama tulitangulia kwa matatu hadi Ukunda, tukasimama karibu na utepe wa kumalizia. Mwanamisi alitokea wa kwanza, na nyuma yake Atieno, binti wa mpishi wa hoteli, anayumba, chupa yake imemponyoka njiani. Magoti yakamlegea. Mwanamisi akageuka, akarudi, akamnywesha maji yake yote yaliyobaki, kisha akachomoka tena na kuukata utepe. Watu walipiga vigelegele, "Mashaallah!" Mama alilia kwa furaha.

Machozi yenyewe hayakuwahi hata kukauka. Wale wataalamu walimpandisha dada kwenye mizani, wakaitazama chupa, wakanong'onezana. Mkubwa wao akamwuliza maji yamekwenda wapi.

"Nimempa mwenzangu, alikuwa yuaanguka," dada akajibu.

"Basi umeharibu vipimo vyetu. Matokeo yako hatuyatambui."

Mama akajitoma mbele. "Shehe, kumpa mtu maji kumekuwa kosa tangu lini?"

"Mama, sheria ni sheria."

Hakumtazama hata usoni. Nafasi akapewa msichana mwingine aliyefika baadaye, na Mwanamisi akarudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi. Hakukimbia tena. Nilimchukia mtu yule, na sitajifanya kwamba nimemsamehe.

Siku hizi mbio bado zinapita mbele ya nyumba yetu. Wakimbiaji wamejifunga vipakiti vya sukari kiunoni, na saa za mkononi zinawaambia lini wameze na lini wanywe. Mwanamisi hufunga dirisha mpaka wapite. Mwaka huu nilitoka na jagi. Kijana mmoja, midomo imempasuka kwa kiu, alilitazama lile jagi kwa uchu, kisha akatazama saa yake. "Ahsante, shangazi, lakini bado sijaruhusiwa."

Nilimnyooshea jagi tena. Nyuma yangu dirisha likafunguka kwa kishindo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikamsikia dada yangu akipaza sauti barabarani: "Kunywa, mwanangu! Kunywa!"