Jiko Lisilojua Nguruwe

Mama yangu aliuza kitimoto, yaani nyama ya nguruwe ya kuchoma, mtaa wa Mfaranyaki kwa miaka ambayo siwezi kuihesabu, maana alianza kabla sijaanza shule na aliacha nikiwa nimeshaoa. Nimelelewa kwa nyama hiyo na kusomeshwa kwa nyama hiyo. Hadi leo nikisikia mafuta yanadondokea mkaa, tumbo linaitika kabla ya akili. Magoti yalipoanza kumsumbua alifunga biashara, akahamia kwetu, mtaa wa Lizaboni. Vyombo vyake aliwagawia wenzake, isipokuwa pipa la kuchomea, lile lililokatwa katikati na kuwekwa miguu ya nondo. Hilo alikuja nalo juu ya guta la mizigo, amelishikilia kwa mkono kama anasindikiza mgonjwa.

Mke wangu ni Myao wa Tunduru, Mwislamu. Tulifunga ndoa bomani. Baba yake hakuja. Alimtuma mjomba, naye mjomba akasaini, akanywa soda, akarudi na basi la kesho yake. Nilinuna mwaka mzima. Mimi nina hasira za karibu, nakubali. Mama ndiye aliyeninyamazisha: “Mzee wa watu kakuachia binti, unataka akupe na nini tena? Hebu tuondolee mdomo huo.”

Kisha mtoto akazaliwa. Alipofikisha miezi minne, mzee akapiga simu siku ya Jumatatu. Hakuwa na maneno mengi. Jumamosi anakuja kumwona mjukuu wake.

Nilidhani mke wangu atafurahi. Alikaa kitandani na simu mkononi. Nikamuuliza kulikoni.

“Baba akiwa ugenini husifu kila kitu,” akasema. “Mpe mboga iliyoungua, atasema asante, nimeshiba, Mungu awabariki. Nyumbani kwake ndiyo humwezi. Kila siku chumvi imepungua. Mama anaongeza, na bado imepungua.” Alicheka kidogo, halafu akaacha. “Hapa kwako naogopa atakula ndizi na yai la kuchemsha. Vitu vyenye ganda. Akifanya hivyo nitajua hajanikubalia, na sitamuuliza tena.”

Tangu lile pipa lije kwetu, hajawahi kulilalamikia. Jumapili mama akiwasha, yeye huhamishia kiti upande wa pili wa nyumba, anachambua mboga zake, basi. Ana sufuria zake na kisu chake. Nilimwambia mama kwamba mgeni apikiwe ndani, kwa vyombo vya mke wangu, mambo yaishe. Mama akanitazama kama nimetukana.

“Mkwe anapokelewa uani, majirani wanaona, nyama inachomwa mbele yake. Nikamfiche jikoni kama mwizi? Tutanunua jiko jipya. Jiko lisilojua nguruwe. Na liwe la gesi, mtoto asivute moshi.”

Kusema kweli, miezi mingi nilikuwa nachungulia majiko hayo kwenye simu kila nikipata bando. Kuna lenye kabati chini, kuna lenye taa, kuna lenye saa ya kupimia joto kwenye mfuniko. Nilishachagua langu kichwani: lile kubwa, safu tatu za moto, magurudumu manne, rangi nyeusi inayong'aa. Nilikuwa nimeshaona na sura za majirani.

Alhamisi tukaenda mjini. Dukani alikuwapo dada mmoja mwenye miwani, mchangamfu, akaanza kutueleza. Mimi nikaenda moja kwa moja kwa mpenzi wangu mweusi. Mama aliweka mkoba wake mezani, akachomoa wavu wa lile jiko, akaugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio.

“Hili kopo,” akasema. “Nyama ya kwanza tu, linapinda.”

“Mama, limetoka nje ya nchi.”

“Na linaweza kurudi.”

Yule dada aliinama chini ya meza kucheka. Mama hakuwa na habari naye. Akachukua mkoba wake, akauweka juu ya wavu, akafunika mfuniko. Haukufunga. Akaeleza kwamba kuku wetu ni kama mkoba huo, asubuhi amewapima wote wawili. Jamani! Nilikuwa nimemwona asubuhi amembeba jogoo na mkoba, nikadhani ni mambo ya uzee.

Kisha akataka majiko yawashwe. Dada akaleta mtungi mdogo na mpira wake, akaunganisha. Mama akanyoosha kiganja juu ya moto, kimo cha shubiri moja, midomo ikaanza kucheza. Dada aliniuliza kwa sauti ya chini kama mama anabariki jiko hata kabla ya kulinunua. Hapana, nikamwambia, anapima. Hivyo ndivyo alivyopima moto maisha yake yote. Anasali Salamu Maria bila haraka, bila kuvuta. Mkono ukishindwa anapofika “Bwana yu nawe,” huo ni moto wa kitimoto. Ukifika hadi “Maria Mtakatifu,” ni wa mbuzi. Ukishindwa kabla ya “umejaa neema,” wateja watakula makaa. Nimeona watu wakipima joto kwa mashine za kila aina, lakini sijaona nyama ya mama ikitoka mbichi ndani hata siku moja.

Jiko langu jeusi lilipimwa kushoto, katikati na kulia. Kushoto alifika “Maria Mtakatifu” akiwa ametulia. Kulia aliondoa mkono kwenye neema.

“Hili lina upendeleo,” akasema, akalizima mwenyewe.

Aliyelipenda lilikuwa limejibanza pembeni, dogo, safu mbili za moto, mfuniko wa duara, halina kabati wala taa. Wavu wake ulikuwa wa chuma kizito, ulipogongwa ukajibu kwa sauti nene. Mkoba uliingia. Moto ulikuwa sawa kila upande. Sinia ya kukingia mafuta ilichomoka bila kulazimishwa, na mama akaichomoa na kuirudisha mara nne ili tu kuisikia. Nami nikaanza kuona aibu kwa ajili ya lile langu jeusi lenye magurudumu.

Dada akasema lile la maonyesho angetupunguzia bei. Mimi nikadaka: tunalichukua! Mama akanishika mkono.

“Mwanangu,” akamwambia yule dada kwa upole, “hili mmeshalichomea nini?”

“Soseji tu, mama. Za kuonjesha wateja.”

“Soseji za nini?”

Dada akavua miwani, akaipangusa. Mama akacheka, akampigapiga begani. Tukachukua lililokuwa kwenye boksi, la bei kamili, lililobaki moja tu, tukapanda nalo bajaji. Njiani nilimtazama mwanamke huyu, kakaa na boksi mapajani, na nikajisikia bahati kuwa mtoto wake. Sikumwambia. Kwetu hatuambiani hivyo.

Sasa nije kwenye ujinga wangu.

Ijumaa mchana mama alikwenda kanisani kwenye jumuiya yake, mke wangu alikuwa ndani akimnyonyesha mtoto. Nililiunganisha jiko uani, nikafunga regulata, nikapaka sabuni kwenye mpira kuangalia kama gesi inavuja. Safi. Nikawasha. Moto wa bluu, umetulia, mzuri kupita kiasi. Nikaweka wavu ukapata joto.

Kwetu chuma kipya hakianzi kazi na njaa. Kinapata joto, kinapakwa mafuta, kinasuguliwa kwa nusu kitunguu hadi kiwe cheusi na laini, ndipo nyama haishiki. Kazi hiyo nilikuwa naifanya kwa mama tangu nina miaka saba, kila wavu mpya. Na mafuta yake yalikuwa hayohayo siku zote, kwenye kopo la maziwa, na hata hapa kwetu mama huliweka chini ya paa la banda. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilichota, nikapaka, nikasugua, napiga mluzi. Moshi mtamu ukapanda.

Mke wangu akatokea mlangoni na mtoto begani. Akasimama. Akanusa. Akaangalia lile kopo la mafuta ya nguruwe lililokuwa mkononi mwangu, nami nikaliangalia kana kwamba ni mara ya kwanza kuliona.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aligeuka, akaingia ndani, akarudisha mlango taratibu.

Mama aliporudi alinikuta nimepiga magoti nasugua wavu kwa sabuni ya unga na brashi ya viatu. Hakuhitaji kuuliza. Pua yake inajua mafuta hayo kuliko mimi.

“Yesu na Maria! Wewe mtoto una kichwa au una boga?”

“Naosha, mama. Nikimaliza utakuwa kama mpya. Nani atajua?”

Hapo ndipo alipokasirika kweli. Sauti ilishuka, na sauti ya mama ikishuka, ujiandae.

“Wewe utajua. Mkeo ameona, atajua. Atakaa hapo anamtazama baba yake anatafuna, na atanyamaza kwa ajili yako. Unataka kumfanyia hivyo?”

Nilisema basi tupike ndani, tuseme jiko limeharibika. Akasema jiko halijaharibika, aliyeharibika anafahamika. Akaingia kwa mke wangu, wakakaa huko muda mrefu. Nilisikia mke wangu analia, halafu nikasikia mama anamwimbia mtoto. Alipotoka akaniambia atamwambia mzee mwenyewe. Nilimwomba asinidhalilishe. Akasema nimeshajidhalilisha, yeye atatoa taarifa tu.

Jumamosi mchana mzee akafika. Mrefu, mkavu, kanzu nyeupe na koti la suti juu, begani mfuko wa korosho. Nikampa shikamoo nikiwa nimeinama hadi nikaona viatu vyake tu. Akamchukua mjukuu, akamsomea kitu sikioni, akamtazama sana. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika shati langu. Nyama ya mbuzi ilikuwa kwenye beseni lake, imeshatiwa chumvi na ndimu, imetoka bucha la jirani zetu Waislamu. Kwenye meza ndogo, pembeni, mke wangu alikuwa ameweka ndizi na mayai. Aliviweka bila kuambiwa.

Mama hakungoja mgeni akae.

“Mkwe, karibu sana. Kabla hujakaa, nina neno. Mimi nimeuza nguruwe miaka mingi, lakini sijawahi kumuuzia mtu uongo. Jiko lile tulilinunua kwa ajili yako, jipya. Jana mwanangu kaupaka wavu wake mafuta ya nguruwe. Kwa mazoea, si kwa dharau. Ameuosha kwa sabuni. Najua kwenu haitoshi. Mayai yapo, ndizi zipo, na mlango wetu uko wazi vilevile.”

Mzee akalitazama pipa la mama kule pembeni, akalitazama jiko dogo, akanitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze na jiko lake.

“Kumbe huku kwenu jiko hulishwa kabla ya mgeni,” akasema.

Sikujua nicheke au nilie. Akampa mke wangu mtoto, akavua koti, akakunja mikono ya kanzu.

“Mna udongo safi?”

Mke wangu alivuta pumzi hadi nikaisikia. Baadaye alinieleza kwamba kwao chombo kilichoguswa na mnyama huyo huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Alikuwa anajua tangu Ijumaa. Lakini alimwambia mama hawezi kumwoshea baba yake wavu kimyakimya, akubali mwenyewe au akatae mwenyewe.

Nikakimbilia kando ya mahindi, nikachimba udongo kwa mikono. Mzee akachuchumaa penye mfereji na wavu. Nilitaka kumpokea kazi, akanisogeza kwa kiwiko. Mama ndiye aliyemimina maji kwa jagi, magoti yake yakilia, na mzee alisugua akihesabu kwa Kiyao. Baada ya wavu akataka sinia ya mafuta, kisha mfuniko. Koleo la kugeuzia lilikuwa la zamani; akauliza lilikotoka, mama akalitupa kwenye pipa lake la kuchomea, na mke wangu akaleta uma wake. Sijawahi kuona wazee wawili wakifanya kazi hivyo, bila maneno, kila mmoja akijua mwenzake anahitaji nini.

Nikawasha moto. Mama akanyoosha kiganja, midomo ikaanza kucheza. Mzee akatazama, akaelewa, naye akanyoosha cha kwake. Alisoma ya kwake, kimya. Waliondoa mikono kwa pamoja.

“Huo,” akasema mama.

“Huo,” akaitika mzee.

Nyama ilichomwa, ikakatwakatwa, ikawekwa mbele yake kwenye sahani ya mke wangu. Ndizi zilikuwa palepale pembeni, hakuna aliyethubutu kuziondoa. Mzee akanawa, akasema Bismillahi, akachukua kipande, akatafuna polepole. Nilijua mke wangu anasubiri nini: asante, nimeshiba, Mungu awabariki.

Mzee akameza. Akakunja uso.

“Mwanangu,” akamwambia mke wangu, “chumvi imepungua.”

Mke wangu aliangua kilio, akakimbilia ndani kuleta chumvi, akarudi na kopo zima.