Meno ya Chini Baada ya Kura

Shangazi yangu Idalina aliuza sukari guru katika soko la mji wetu mdogo katika jimbo la Paraíba. Kinywani alibakiwa na meno sita, yote ya chini, na ndiyo yaliyompa sifa sokoni. Alikwangua pembe ya donge kwa meno hayo, akajua palepale kama limechanganywa na sukari ya dukani.

Daktari wa meno wa zahanati, binti mpole aliyekuja kila Alhamisi, alimtoa ukoga na kumfundisha kupiga mswaki taratibu pale jino linapokutana na ufizi. "Mama Idalina, haya sita ni mazima kabisa," alisema. "Yatunze. Ya juu, ya bandia, nimekuandikisha, subiri zamu yako."

Zamu ilikuwa haijafika uchaguzi ulipofika. Mwanasiasa mmoja, Bwana Anselmo, alitaka umeya. Mji mzima ulimwita Daktari, ingawa hakuwahi kutibu hata kuku. Alikuwa na huruma nyingi sana, hasa kila baada ya miaka minne. Mwaka ule aligawa meno ya bandia: ya juu kabla ya kura, ya chini baada ya kura. Na kwa kuwa mkarimu hatoi vipandevipande, aligawa seti nzima tu, na seti nzima hutaka ufizi mtupu.

"Shangazi, usikubali. Hayo sita ni mazima," nilimwambia.

"Wewe una meno thelathini na mbili, ndiyo maana una ushauri mwingi," akanijibu. "Mimi nataka kucheka kwenye picha kabla sijafa."

Yaling'olewa nyuma ya ofisi ya kampeni, juu ya kiti cha plastiki, na fundi ambaye siku nyingine hutengeneza miwani. Shangazi akapewa ya juu ndani ya mfuko wenye picha ya Daktari.

Daktari akashinda. Meno ya chini, tuliambiwa, yako njiani. Yalikaa njiani miaka minne. Shangazi alikula uji, sukari guru akawa anailamba tu, na mara mbili akauziwa mzigo mbovu. Wateja wakahamia meza ya jirani. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Kisha gari la vipaza sauti likaingia tena sokoni. Daktari akashuka na mpiga picha wake, akamkumbatia Shangazi.

"Mama yangu, cheka kidogo, tupige picha."

Shangazi akayatoa meno ya juu, akayatia mfukoni mwa aproni ili aongee vizuri.

"Kura yangu ipo, Daktari. Kwenye mashine ya kura nitabonyeza namba yako kwanza. Kitufe cha kijani cha kuthibitisha nitakibonyeza ya chini yakifika."

Soko zima lilicheka. Daktari alicheka kuliko wote, nami nikayaona meno yake vizuri: meupe, yamekamilika, yote ya kwake mwenyewe.