Miaka Tisa Isiyohesabiwa

Dada yangu alirudi Bariadi wakati makampuni binafsi yalipoanza kuruhusiwa kununua pamba. Kabla ya hapo mnunuzi alikuwa mmoja tu, chama cha ushirika, na mkulima alisubiri malipo mpaka akachoka kuulizia. Sasa kila wiki liliingia lori jipya lenye jina jipya ubavuni, na sisi tuliomaliza kidato cha nne tukaokotwa mitaani na kugeuzwa maofisa. Mimi nilifanywa mkaguzi wa vituo vya kununulia. Nilipewa pikipiki nyekundu, koti la mvua na kalamu mbili. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nawaamkia wazee bila kushuka, injini ikinguruma, na wao wakinijibu "mwangaluka" huku wakifunika pua kwa sababu ya vumbi langu.

Dada alikuwa ameolewa Kenya, upande wa Migori. Mumewe alikuwa bwana mifugo, na mradi mmoja wa kuchanja ng'ombe ulimwajiri dada awe anapeleka dawa vijijini. Kwa miaka tisa alizunguka na pikipiki, sanduku la barafu limefungwa nyuma. Mumewe alipofariki, shemeji zake walisubiri matanga yaishe, kisha wakamwambia kwao kunamngoja. Hakuwa amejaliwa mtoto wa kumtetea. Alishuka kituo cha mabasi Bariadi na begi moja la kitambaa. Jioni ile, nyumbani kwa baba, alinionyesha kitu cha thamani pekee kilichokuwamo: leseni yake, kijitabu chekundu kilichogongwa mihuri mwaka hadi mwaka.

"Hiki hawakukichukua," alisema. "Hakuna kati yao aliyejua kukitumia."

Leseni yangu mimi niliipata Shinyanga mjini, kwa ofisa aliyefahamiana na mjomba. Aliniuliza kama naona vizuri. Nilisema naona. Akagonga muhuri.

Kampuni ilikuwa inatafuta mkaguzi wa pili, wa kwenda mpaka Bukundi na vituo vyote vya huko Meatu. Nilijua, na sikumwambia dada. Alisikia sokoni. Asubuhi moja nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya ofisi yetu, kijitabu kikiwa mapajani. Meneja wetu, mtu mnene aliyeletwa kutoka Mwanza, aliniita ndani.

"Huyu dada yako anaendesha kweli, au ni maneno?"

Jibu nilikuwa nalo. Jumapili iliyopita dada aliomba pikipiki yangu ajaribu kidogo. Aliteremka nayo kwenye korongo lililo nyuma ya kwetu, akapita kwenye mchanga, akapanda ng'ambo bila kugusa chini kwa mguu. Pale mimi huwa nashuka na kusukuma.

"Kule kwao barabara ni za lami, bosi," nilisema. "Huku mbugani sijui kama ataweza."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lakini nilipokwisha kusema sikutaka kuyarudisha. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na katika mji mzima watu wenye pikipiki ya kampuni walikuwa wanahesabika. Sikutaka mmoja wao awe dada yangu, tena anayeendesha kunizidi.

Meneja aliamua kuwa dada akabadilishe leseni kwanza. Wakati huo huo angepewa kazi ya kupima pamba kwenye kituo cha Mwamapalala. Nilimsindikiza kwa trafiki aliyekuwa anashughulika na leseni. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti. Alikifungua kile kijitabu, akakipekua ukurasa mmoja mmoja, akakifunga.

"Miaka tisa," alisema.

"Ndiyo, afande."

"Hiyo ni miaka ya Kenya. Huku wewe hujawahi kuendesha hata siku moja. Utaanza na leseni ya kujifunzia, utafunga kibao cha L mbele na nyuma. Usibebe mtu. Usitoke nje ya mji. Baada ya miezi mitatu uje kwenye majaribio."

"Na hicho kitabu changu?"

"Kinakwenda mkoani kuhakikiwa." Akakitupa kwenye droo. Wakati huo mkoa wetu wa leo, Simiyu, haukuwapo. Mkoani kulikuwa Shinyanga, na kitu kikiondoka kwenda mkoani tulihesabu kimekwenda moja kwa moja.

Dada alimshukuru. Nje aliniuliza kama ni desturi kutopewa stakabadhi. Nilimwambia asianze kutufundisha kazi.

Miezi mitatu yote alijifunza kitu alichokijua. Mwisho wa wiki alipanda lori la pamba kuja mjini, meneja akamwachia pikipiki mbovu ya stoo, na yeye akaitengeneza mwenyewe, akaizungusha mitaani na vibao vyake viwili vya L. Watoto walimkimbiza wakiimba hiyo herufi. Wanawake aliosoma nao shule ya msingi walimwuliza kama amekosa mwanamume wa kumpakia. Baba hakusema naye juu ya jambo hilo hata neno moja, ila akiisikia pikipiki inakuja aliingia ndani.

Majaribio yalifanyika kwenye uwanja wa mpira, siku ya soko. Trafiki alipanga mawe mstari mmoja. Dada alikuja amevaa suruali ya marehemu mumewe. Yule afande akamwangalia chini mpaka juu.

"Kwanza vaa kama mwanamke."

Mwanamke mmoja muuza nyanya alimtupia kitenge. Dada alikifunga juu ya suruali, akakikunjia kiunoni, akapanda. Alipita kati ya mawe kama hayapo. Afande akayasogeza yakaribiane. Akapita. Akayasogeza tena, sasa hata baiskeli ingekwama. Dada alipita polepole sana, karibu kusimama, mwili wake wote umetulia, gurudumu likikata huku na huku. Watu walianza kunyamaza. Hapo afande akapiga filimbi.

"Umefeli. Hukupiga honi kabla ya kuanza."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Meneja alikuwa amesimama karibu yangu. Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote, ili aone siko upande wa dada. Dada aligeuka akatafuta nani anacheka hivyo, akaniona. Akafungua kitenge, akakikung'uta vumbi, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

"Wabeja, mayu," alimshukuru.

Wiki mbili baadaye nilianguka.

Nilikuwa natoka Itilima ndani kuelekea kituo cha Mwamapalala, mchana, kiangazi kikali. Mbele yangu kulikuwa na mkokoteni wa ng'ombe umejaa pamba, na mzee mwenye mkokoteni alishanisikia, anawasogeza ng'ombe wake pembeni taratibu. Sikutaka kungoja. Nilipita kwa kasi upande wa chini, na gurudumu la mbele likatumbukia kwenye ufa wa udongo mweusi uliofunikwa na vumbi. Nilipofumbua macho mguu wangu wa kulia ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei.

Yule mzee alimtuma mwanawe akimbie kituoni. Dada alikuja mbio, pekupeku, unga wa pamba umemjaa kichwani. Hakulia wala hakuniuliza nilikuwa nakwenda kasi gani. Alivunja fito mbili za mkokoteni, akaufunga mguu kwa vipande vya gunia. Lori lingekuja kesho yake. Gari jingine halikuwapo. Aliinua pikipiki, akanyoosha usukani kwa kulibana gurudumu katikati ya magoti, akaipiga teke ikawaka.

"Nitakufunga mgongoni kwangu," alisema. "Itauma. Ukizimia nitajua, usiogope."

"Huruhusiwi kubeba mtu," nilimwambia. Katika hali ile, hilo ndilo nililolikumbuka.

"Nyamaza," alisema.

Alinifunga kwa kamba ya katani na kitenge, yule mzee akinishikilia. Safari ile mpaka Bariadi ilichukua karibu saa mbili. Niliendesha mwenyewe kabla yake, na nimebebwa na wengi baada yake, na sijaona tena mtu anayeisoma barabara vile. Kila shimo aliliona kabla halijafika. Penye mawe alisimama kwenye vikanyagio ili yeye apokee mtikisiko, si mimi. Kwenye mchanga alikuwa akiniambia, "Sasa vuta pumzi, sasa itoe," na tulipotoka ng'ambo nilikuwa bado hai. Shavu langu lilikuwa limelala kwenye mgongo wake muda wote ule. Nilijua kabisa nilichomfanyia. Ningeweza kusema. Nilinyamaza, nikajiambia ni maumivu.

Hospitalini muuguzi alisema hawagusi mtu wa ajali bila fomu ya polisi, ile PF3. Dada akaenda kituo cha polisi kuifuata, na pikipiki ile ile. Kaunta waliuliza ni nani aliyemleta majeruhi.

"Mimi," alisema.

Fomu ililetwa na askari. Dada alizuiwa huko huko.

Kesho yake, mguu ukiwa umening'inizwa kwa kamba na jiwe, meneja alikuja wodini na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Alivuta kiti, akanipepea nzi kwa ile karatasi.

"Pikipiki imeharibika mbele kote," alisema. "Makao makuu wanataka kujua nani alikuwa anaendesha ilipoanguka. Ikiwa ni wewe, nikuambie ukweli, huna kazi. Ikiwa ni mwanafunzi wa udereva aliyeichukua bila ruhusa, hilo ni suala la polisi, na polisi tayari wanaye."

"Kuna mzee alituona."

"Mzee anajua Kiswahili?"

"Kidogo."

"Basi."

Nilisoma ile karatasi. Ilisema nilimkataza dada, akakaidi, akaniangusha. Niliisoma mara mbili ili nipate muda. Mkono wangu haukutetemeka wakati wa kusaini. Watu huniambia lazima ulitetemeka. Haukutetemeka.

Yule mzee wa mkokoteni alikuja mjini kwa miguu, akasimama kaunta ya polisi, akaeleza kwa Kisukuma mwanzo hadi mwisho. Askari aliyekuwa zamu alikuwa mtu wa mbali. Aliitikia kwa kichwa mpaka mzee akamaliza, kisha akamwonyesha njia ya kutokea. Habari hii nilipewa na mzee mwenyewe, alipopita wodini kuniuliza ni kwa nini sisemi. Nilijifanya nimelala. Alikaa kitambo, akaweka kipande cha muhogo juu ya kabati, akaondoka.

Dada alikaa mahabusu siku tisa. Baba aliuza ng'ombe ili kulipa faini, na alipomtoa alimwambia mbele ya askari kwamba ng'ombe yule alikuwa na akili kuliko yeye. Kampuni ilimfukuza. Trafiki akamfungia asifanye majaribio tena. Alipoulizia kijitabu chake ili arudi Kenya kutafuta kazi, aliambiwa kipo mkoani. Alikwenda mkoani. Mkoani wakamwambia hakijawahi kufika. Bila hicho, hata Kenya alikuwa hajawahi kuendesha.

Siku aliyotoka mahabusu alikuja kuniona. Alileta uji kwenye chupa ya chai. Alinimiminia, akanishikia kikombe, maana nilikuwa nimelala chali. Nilipomaliza akafuta kidevu changu.

"Uliandika nini?" aliuliza.

"Nilikuwa na maumivu makali, dada."

"Sikukuuliza maumivu."

Jirani yangu wa kitanda aligeukia ukutani.

"Uliandika mimi ndiye niliyekuangusha," alisema. "Walinisomea. Nilitaka kujua tu kama utanidanganya na hapa pia."

Alifunga chupa, akaondoka. Wiki ile ile alihamia Nassa, kando ya ziwa, akaanza kununua dagaa na kuwauza kwa visado, vile vikopo vya kupimia. Mimi mguu ulipona vibaya. Kwa kuwa sikuweza tena kupanda pikipiki, nilipewa meza na kupandishwa cheo. Kampuni yenyewe ilidumu misimu mitatu, kisha meneja akaondoka na samani za ofisi.

Miaka ilipita mingi. Pikipiki zikajaa Bariadi, kila kijana akawa nayo, wengi hawana leseni ya nchi yoyote. Trafiki mwingine kabisa, kijana mwenye heshima, aliniambia katika mazungumzo kwamba siku hizi mwenye leseni ya nchi jirani anasikilizwa, na hata aliyeipoteza anaweza kuandikiwa barua kule ilikotolewa. Nilipanda basi siku iliyofuata, nikaenda Nassa. Nilimkuta dada kwenye kibanda chake, amenenepa, mvi zimeanza, wateja wamemzunguka. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama juani. Nilimwambia nitamnunulia pikipiki. Nilimwambia nimekosa, na nilipofika hapo nikaanza kulia.

Wateja waliacha kuchagua dagaa wakaniangalia. Dada alijaza kisado, akakisawazisha kwa kiganja, akammiminia mama mmoja kwenye mfuko.

"Mama, unamjua huyu?" alimwuliza.

"Simjui. Ni nani?"

"Ni mtu wa Bariadi. Anasema mimi najua kuendesha pikipiki." Wakacheka wote, naye akacheka pamoja nao, kwa sauti kubwa, huku ananitazama. Kisha akaniambia basi la kurudi linapita saa nane, na kwamba kwa mguu ule nianze kutembea sasa hivi.