Mafuta Baada ya Udhu

Sifa njema zote ni za Mola aliyetuvika ngozi kabla hatujaijua nguo, akaumba maradhi na dawa yake, na akatupa umri wa kujirekebisha.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka minane nilipomfundisha kusali. Tulikaa Downsview, mtaa wa ughaibuni wenye baridi kali, mimi, binti yangu na mtoto huyo, katika ghorofa lenye hewa ya moto iliyovuma miezi yote ya baridi na kukausha kila kitu, hata mkate mezani. Baridi ile mikono ya mtoto ikaingia weusi na ukavu wa kukwaruza, akawa anajikuna hadi usingizini. Nikasema ni mashilingi, yaani choa, maana ndiyo niliyoyajua utotoni.

Daktari, mama mtaratibu, alimkunja na kumkunjua viwiko. Akatueleza kwamba mashilingi hufanya duara, ukingo umeinuka na katikati pameanza kupona. Hii haikuwa na duara, na ilijificha kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Ilikuwa pumu ya ngozi. Akasema kwa ngozi nyeusi kama yetu tusisubiri kuona wekundu; mara nyingi huonekana kijivu, au weusi uliozidi. Akatupa dawa ya kupaka kidogo palipochachamaa, na mafuta mazito ya mgando ya kupaka mwili mzima.

Wiki mbili zikapita, mikono ikazidi. Vifundo vya vidole vikapasuka, vikatoa damu.

"Baba, unampaka kweli nikiwa kazini?" binti yangu akaniuliza.

"Nampaka kila asubuhi."

Nikaona pia kwamba nikiita sala, mtoto anajivuta. Nikadhani ni uvivu, nikamnasihi. Mungu anisamehe.

Adhuhuri moja ya Jumamosi nilipita mlango wa bafuni nikamsikia akilia kwa sauti ya chini. Alikuwa ameshika dodoki na sabuni ya vyombo, anajisugua mikono chini ya maji ya moto.

"Unafanya nini, bibie?"

"Natoa mafuta, Babu. Wewe ulisema yanazuia maji. Udhu hauingii."

Ni kweli nilisema. Nilimsomea yanayozuia maji kufika kwenye ngozi: nta, gundi, rangi ya kucha, mafuta yaliyoganda. Nilikariri kama nilivyokaririshwa, wala sikutazama ni mikono ya nani iliyokuwa mbele yangu.

"Unajisugua hivi kila sala?"

"Zote tano. Ikiuma sana nasema bismillahi tena."

Nilifunga bomba, nikakaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Nimesoma dini tangu nikiwa mdogo kuliko yeye, na karibu nimfanye mtoto aiogope sala.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nilikufundisha nusu. Kinachozuia ni tabaka nene kama nta. Mafuta yaliyoenea kwenye ngozi, maji yakapita juu yake, udhu wako ni sahihi."

Alinitazama kwa mashaka. "Una uhakika? Au tumuulize imamu?"

"Tumuulize."

Tukamuuliza, naye akasema vilevile. Daktari akaongeza yake: maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na manukato, kukausha kwa kugusagusa na taulo bila kusugua, kisha mafuta upesi, ngozi ikiwa bado na unyevu.

"Basi wakati wake ni baada ya udhu," binti yangu akasema.

Ikawa hivyo. Kila baada ya udhu nilimpaka kidole kwa kidole, taratibu. Mipasuko ikafunga. Ugonjwa haukwisha, ulirudi kila baridi, nasi tukaupokea kwa mafuta na subira.

Siku moja alinitazama visigino. "Babu, miguu yako kama mamba. Kaa hapa."

Akanipaka, akikunja uso kama daktari. Alipomaliza akanishika mkono. "Sasa twende pole pole, usiteleze."

Tukaenda kwenye mswala, yeye ameshika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa laini.

Ewe unayesoma, Mola akulindie ngozi yako na ya unaowapenda, akupe mwalimu mpole, na ukikosea, akujaalie mtoto wa kukusamehe.