Faili la Mzee wa Temple Hills

Kliniki yetu ilikuwa Rockville, ughaibuni, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuichagulia hifadhidata, programu ya kutunzia mafaili ya wagonjwa. Meza nne zilikuwa na kioo cha kompyuta na kibodi tu. Vyote vilitegemea seva moja, kompyuta kuu iliyonguruma chumba cha nyuma. Tulijaribu programu mbili. Moja nzito: ukifungua faili la mgonjwa, mwenzako wa meza nyingine hawezi kuandika humo mpaka umalize. Nyingine nyepesi, haimzuii mtu.

Dada wa mapokezi, mtu wa Mombasa, alizijaribu zote. "Kakangu, chukua hii nzito. Ina adabu. Mmoja akiwa ndani, mwengine hupiga hodi akangoja."

"Wagonjwa watapanga foleni mpaka nje, dada."

Nikachagua nyepesi. Daktari akanisifu.

Miezi michache baadaye alikuja mzee anayekaa Temple Hills, dereva mstaafu wa ubalozi, mtu wa kwetu Tanga. Muuguzi alifungua faili lake, akaandika kwamba penisilini inamdhuru. Wakati huohuo nami nilikuwa nimelifungua, narekebisha anwani. Yeye akahifadhi. Nikahifadhi na mimi. Nakala yangu, isiyo na maneno yake, ikakaa juu ya yake, onyo likafutika.

Wiki iliyofuata mzee alirudi, koo linamuuma. Muuguzi mwingine akatazama kioo, hakuona onyo lolote. Mzee naye hakusema, alijua ameshasema. Akapigwa sindano ya penisilini.

Nilisikia kiti kikianguka. Nilimkuta sakafuni, midomo imevimba, pumzi inakatika, amenikazia macho mimi, kwa kuwa ni mimi pekee aliyenifahamu mle ndani. Nikamshika mkono mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Alipona. Mimi nikachapisha kumbukumbu za seva, nikaona saa za kuhifadhi: yake, kisha yangu. Dada alisoma nyuma ya bega langu.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Tukahamia programu nzito, na foleni haikufika hata mlangoni. Siku moja mzee akaja na kopo la halua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kama si wewe siku ile, ningekufa katikati ya wageni."

Nikaipokea halua. Nikasema ahsante tu. Mwaka uleule alirudi Tanga, na huko akafa, kwa uzee tu, waliniambia. Lakini mimi bado namwona pale sakafuni, ananitazama kana kwamba nimekuja kumwokoa.