Skrubu Tisa za Jumamosi

Harufu ya dizeli iliyolowa kwenye kitambaa cha pamba ndiyo iliyotangulia kila kitu katika banda la baba yangu pale Kemondo, kando ya barabara iendayo Bukoba. Mafundi wengine walikuwa na dawa zao. Tata, kama tunavyomwita baba kwa Kihaya, aliamini dizeli. Skrubu iliyogoma aliifunika kwa kitambaa hicho tangu asubuhi, akaiacha inywe hadi mchana, ndipo akaigonga kichwani mara tatu kwa nyundo ndogo, akaikaza kidogo kwanza kana kwamba anakubaliana nayo, kisha akailegeza. Ilipokubali ilitoa mlio mmoja mkavu, kama wa ukuni unaovunjwa gotini. Nilikua nikiusikia mlio huo mara nyingi kwa siku, na hata leo nikiusikia maabarani hugeuka nyuma kutazama nani ameingia.

Nusu ya milio ile ilitokana na kaka yangu Deo, aliyenizidi miaka minane. Miaka ile pikipiki nyingi za upande wetu zilikuwa kuukuu za Kijapani, na kava la klachi, lile bamba la alumini lililo upande wa kulia wa injini, lilishikwa na skrubu tisa zenye vichwa vya msalaba. Siku za mwanzo za ufundi wake Deo alifunga kava moja ambalo halikukaza vizuri. Oili ilimwagika njiani ikamchafua suruali abiria aliyekuwa akienda kuposa, na habari hiyo ikachekwa kuanzia Kemondo hadi Muleba. Tangu siku hiyo hakufunga tena kava kwa nguvu ya kawaida. Alibana bisibisi kwa mikono miwili, akaiegemea kwa bega, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Madereva wakampa jina la Simenti. Tata alimkemea kila siku. "Unafunga kava au unafunga jela?" alikuwa akiuliza, na Deo akajibu, "Jela, Tata. Huyu mfungwa alishatoroka mara moja." Baada ya miezi kadhaa pikipiki hizo zilirudi, na ni Tata aliyelazimika kukaa na kitambaa cha dizeli akizibembeleza skrubu za mwanawe, akizitoa nyingine kwa tindo pale msalaba wa kichwani ulipokwisha kusagika na kuwa shimo la mviringo lisiloshikika.

Msimu ninaousimulia ulianza Jumamosi moja baada ya Pasaka, katikati ya masika. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Asubuhi hiyo Deo hakutoka kitandani. Alisema kichwa kinamuuma. Lazima niseme kwa haki kwamba alisema hivyo karibu kila Jumamosi, kwa sababu kila Jumamosi kulikuwa na mechi, na kichwa chake kilipona mchana kabla ya mpira kuanza. Tata aliingia chumbani, akamshika mguu, akamvuta hadi sakafuni. "Kichwa hakifungui skrubu," alisema, "kinachofungua ni mikono." Deo aliamka, akaenda bandani, na kazi aliyoifanya siku hiyo ilikuwa moja tu: kubadilisha pleti za klachi katika pikipiki ya Projestus, dereva aliyebeba magunia ya kahawa kutoka vijiji vya Muleba. Alilifunga kava peke yake, Tata akiwa ameitwa kwa mteja mwingine. Jumapili homa ilikuwa kali, hakuweza kusimama kwenda misa. Alhamisi alikufa, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, na tukamzika kwenye kibanja cha babu huko Muleba, katikati ya migomba.

Baada ya mazishi pikipiki ziliendelea kuja, kwa kuwa pikipiki hazijui msiba, na nyingi kati yake zilikuwa zimefungwa na Deo. Nilimwona Tata akizifungua moja moja. Kila skrubu ilipotoa mlio wake alisimama kidogo, bisibisi ikiwa bado kwenye kichwa cha skrubu, kama mtu anayesikiliza. Leo ninasomea namna chuma kinavyobeba mzigo, na ninaweza kueleza jambo ambalo wakati ule nililihisi tu: skrubu iliyokazwa huvutika kidogo sana, na kuvutika huko ni nguvu ya mkono uliomaliza kazi, iliyobaki ndani ya chuma. Aliyekaza anaweza kuondoka. Nguvu yake inabaki ikishika mpaka mtu mwingine aje kuiachilia. Tata alikuwa akimwachilia mwanawe, skrubu baada ya skrubu, na kila wiki zilizosalia barabarani zilipungua.

Wiki ya tano Projestus alirudi. Klachi ilikuwa ikiteleza, na chini ya kava kulikuwa na mstari mwembamba wa oili. "Gasketi nayo huzeeka, mzee," alisema kwa upole, akimaanisha ile karatasi inayoziba oili chini ya kava. Tata aliutazama ule mstari muda mrefu, akaisukuma pikipiki hadi ukutani, akaifunika kwa gunia. Ilikaa pale siku kumi. Hakuifungua, wala hakumruhusu mtu kuiondoa. Jioni moja, nikichambua maharage nyuma ya mlango wa jiko, nilimsikia Mama akimuuliza.

"Baba Deo, una mpango gani na pikipiki ya watu?"

"Aliifunga yeye. Ile Jumamosi."

"Najua."

"Deo alijua kukaza mpaka mwisho tu, hakuwa na namna nyingine. Nikikuta zimebana, basi alikuwa mzima, homa ilimkuta Jumapili. Nikikuta laini... Mama Deo, nilimvuta mguu. Nilimtoa mgonjwa kitandani kwa mguu."

"Hukujua. Kila Jumamosi alisema kichwa."

"Siku nitakayozifungua nitajua."

Kuanzia jioni hiyo nilijua kilichokuwa chini ya lile gunia. Skrubu tisa zilikuwa zinangoja kumwambia baba yangu kama alimfanyisha kazi mtoto aliyekuwa akifa, naye hakuwa na ujasiri wa kuziuliza.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita nilianza kushinda bandani. Asubuhi moja Tata alikwenda Muleba kupanga misa ya arobaini, akaniachia banda. Hazikupita saa mbili Projestus akaja na kamba begani.

"Koku, mzee yuko wapi?"

"Amekwenda Muleba."

"Basi nisaidie kuitoa. Naikokota hadi Miembeni, kuna fundi kule anatoboa skrubu kwa drili, nusu saa amemaliza. Kahawa imeiva, na mimi nabeba magunia kichwani kama siafu."

"Tata amesema isiondoke."

"Tata wako namheshimu sana. Lakini amenifungia mke ndani siku kumi, hata kumsalimia siruhusiwi."

Nilifikiria fundi wa Miembeni, mtu asiyetujua, akizitoboa skrubu zile huku akipiga mluzi, au, vibaya zaidi, akizigeuza kwa mkono mmoja na kuwatangazia waliomzunguka jinsi zilivyokuwa. Nikasema nitaifungua mimi. Projestus alicheka. "Wewe? Hiyo kafunga Simenti." Kisha uso wake ukabadilika, kwa kuwa alikuwa ametaja jina la utani la marehemu mbele ya dada yake, na akaketi juu ya tairi.

Nilifuata utaratibu wote. Niliweka dizeli, nikangoja, nikagonga mara tatu. Nilitandika kipande cha mpira wa tyubu kwenye kichwa cha skrubu ili bisibisi iume vizuri, nikakaza kidogo, nikaegemea kwa kifua changu chote kama nilivyomwona Deo akiegemea. Skrubu iligeuka mara moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukuta nikakuta pazia. Nilianguka mbele, kidole gumba kikachubuka kwenye mapezi ya injini. Hakukuwa na mlio. Ya pili vivyo hivyo, nayo sikuiegemea, niliizungusha kwa kiganja tu. Projestus alikuwa akihesabu kwa sauti, kwa utani. Alipofika nne aliacha. Nilizitoa zote tisa, nikazipanga juu ya gazeti, na hakuna hata moja iliyohitaji nguvu kubwa kuliko ile ya kufungua mfuniko wa chupa ya chai.

"Mbona laini," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Kaka Projestus, usimwambie Tata."

"Nimwambie nini? Mimi skrubu sizijui. Nilikuwa barabarani nanunua muwa."

Kilichofuata nilikifanya kwa utulivu ambao hadi leo unanitisha. Nilichagua skrubu tatu. Nilifikiri kwamba zikiharibika zote hakuna atakayeamini, na ikiharibika moja haitatosha. Nilizibana kwenye jiliwa moja baada ya nyingine, nikaingiza bisibisi, nikaisokota kwa mikono miwili mpaka ikaruka na kuusaga msalaba, nikarudia, nikarudia, mpaka vichwa vikawa mashimo ya mviringo. Kisha nikavitia makovu ya tindo pembeni. Nilikuwa nikimrudishia kaka yangu nguvu ambazo Jumamosi ile hakuwa nazo. Projestus alitazama mwanzo hadi mwisho na hakutafuna muwa wowote.

Tata alirudi alasiri akiwa na tope jekundu viatuni. Aliliona kava juu ya meza, akaliona gazeti, akasimama. Alichukua zile tatu, akaziweka kiganjani, akaenda nazo mlangoni penye mwanga. Alipitisha ukucha wa kidole gumba ndani ya kila kichwa, akaigeuza kila moja akatazama na nyuzi zake. Alichukua muda mrefu sana.

"Nani kazitoa?"

"Mimi, Tata."

"Zilibana?"

"Zilibana sana."

"Zilibana, mzee," alisema Projestus kutoka nje. "Mtoto ametoka jasho."

Tata alikitazama kidole changu kilichochubuka, kisha akanitazama mimi usoni. "Alikuwa na nguvu zake," alisema. Akazitupa zile tatu kwenye debe la vyuma chakavu, akavua koti, akafanya kazi. Kabla ya jua kuzama Projestus aliondoka na pikipiki yake, na jioni hiyo Tata alimaliza sahani ya ndizi kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nililala nikiamini kwamba nimemwokoa baba yangu, na niliendelea kuamini hivyo kwa miaka kumi na tisa.

Mwaka jana, chuoni, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniletea skrubu iliyosagika, akasema imegoma alipokuwa akiifungua. Niliitupia jicho, nikamjibu bila kufikiri, "Hapana, umeiharibu ukiikaza." Alicheka kwa aibu akakubali. Mimi nilibaki na ile skrubu mkononi, nikizikumbuka zile tatu za Projestus. Bisibisi inapofungua husukuma upande mmoja wa kila mkono wa msalaba. Inapokaza husukuma upande wa pili. Na upande uliosukumwa ndio unaoliwa. Ni jambo analoliona yeyote aliyeshughulika na skrubu mbovu kwa mwaka mmoja, na Tata alikuwa amezishughulikia kwa zaidi ya ishirini. Mimi pale kwenye jiliwa nilisokota kuelekea kulia, kama mtu anayefunga. Nimejaribu kumtetea yule mtoto niliyekuwa. Nimejiambia huenda Tata alidhani Deo mwenyewe alizisaga alipokuwa akizikaza. Lakini chuma kilikuwa kinang'aa, kimejeruhiwa saa ile ile, katika mvua ambazo huweka kutu ndani ya siku tatu. Na nyuzi zilikuwa na alama za meno ya jiliwa, na nyuzi alizitazama. Pale mlangoni alijua kila kitu: kwamba zilikuwa laini, kwamba mwanawe alikuwa mgonjwa, na kwamba bintiye alikuwa amekaa chini na kutengeneza uongo. Kisha akageuka akanipa sentensi niliyoihitaji, akaubeba ule ukweli peke yake, bila mtu wa kumwambia, kwa sababu mtu pekee aliyezigusa skrubu zile alikuwa ameapa kwamba zilibana.

Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani. Pale Kemondo vijana sasa wanafungua makava kwa mashine ya betri, na pikipiki za siku hizi zina bolti za vichwa vya pembe sita ambazo ni nadra kuharibika. Dakika mbili kava liko chini, na hakuna anayesikiliza chochote. Tata hafanyi kazi tena, mikono yake inatetemeka. Tulikuwa tumeketi barazani akichambua kahawa kwenye ungo, akaniuliza huko chuoni tunapima nini hasa.

"Nguvu ya mkono uliofunga, Tata. Skrubu ikiwa bado imefungwa tunaweza kujua ilikazwa kiasi gani."

"Na ikishafunguliwa?"

"Inapotea. Anabaki kujua aliyeifungua tu."

Alichambua kidogo. Alitoa punje mbovu, akaitupa uani.

"Koku. Zilikuwa laini kiasi gani?"

Nina vipimo vya mashine zenye thamani kubwa, na kwa swali hilo sikuwa na hata kimoja. Nilichukua mkono wake wa kulia, nikaukunja kana kwamba umeshika bisibisi, nikauzungusha polepole kuelekea kushoto, kwa nguvu ile ninayoikumbuka. Haikuwa nyingi. Aliuacha mkono ugeuke hadi mwisho.

"Basi alikuwa mgonjwa," alisema.

"Au labda alikuwa amejifunza, Tata. Ulimkemea kila siku. Labda siku ile alikusikia."

Nilikuwa nimeiandaa hoja hiyo kwa miezi, na nilikuwa tayari kuitetea. Aliipa heshima ya kuifikiria. Kisha akatikisa kichwa, karibu atabasamu.

"Deo?" alisema. "Hapana."